Mwanangu, Krismasi msije, njooni Mei

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu zangu. Mimi mzima, mafua tu ya msimu. Umeniuliza kama mnaweza kuja huku kisiwani Eigg, Uskoti, Krismasi mkae siku nne, kisha ukaongeza la kichokozi: eti meli isipokuja tunakula nini? Krismasi msije. Njooni Mei.

Si baridi ninayoihofia. Theluji huku chini pwani ni ya nadra, bahari ya magharibi ya Uskoti inatukinga, na mchana wa Desemba huwa nyuzi 5 hadi 7 hivi. Shida ni upepo. Wewe umekulia Tanga, unajua kaskazi ina miezi yake na kusi ina yake, mvuvi anapanga mambo yake. Huku upepo hauna miezi. Asubuhi unakuja wa kusini na mvua, mchana umegeuka wa magharibi, usiku nyumba inatikisika. Meli yetu, Lochnevis, inatoka Mallaig, bandari ya bara, na kuhudumia visiwa vinne, na majira ya baridi haiji kila siku. Nahodha akiona mawimbi yamepanda gatini hatii nanga, hata kama sote tumesimama tunamwangalia. Sasa wewe una tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi, utafanyaje? Tena jua linachomoza saa 3 asubuhi, kabla ya saa 10 alasiri limeshazama. Watoto watanimaliza humu ndani.

Chakula kipo. Kila nyumba ina friza na akiba kabatini. Kinachotangulia kuisha ni maziwa na mboga mbichi. Hapo aliyechinja kondoo atakukatia paja, mwenye viazi atakuachia mfuko mlangoni hata hodi asipige, nami napeleka chapati. Meli ikija, watu wanateremka gatini Galmisdale kushusha mizigo: maboksi yenye majina, mitungi ya gesi, magunia ya chakula cha kondoo. Huondoki na boksi lako peke yake, utabebeshwa na la jirani wa kitongoji cha Cleadale kwa kuwa njia yenu ni moja. Ila na faragha hakuna. Nisipoonekana gatini siku ya meli, jioni nitapigiwa hodi niulizwe kama naumwa. Kuna siku linanichosha hilo, sikufichi.

Waambie watoto mapema kuhusu umeme. Hatujaungwa na gridi ya bara. Tangu 2008 kisiwa kinajizalishia chenyewe kwa maji ya vijito, upepo na jua, na kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5. Birika la umeme peke yake linakula karibu 3. Ukiwasha birika, oveni na mashine ya kufulia kwa pamoja, nyumba inazimika, na mpaka fundi aje kuiwasha, tena kwa malipo. Ndiyo maana ukutani pana kidude kinachoonyesha matumizi, nami hukitupia jicho kabla ya kuinjika chai. Upepo huohuo unaotunyima meli ndio unaotujazia betri, na umeme ukizidi unapelekwa kupasha joto ukumbi wa kisiwa. Dhoruba ikivuma, ukumbini ndiko kwenye joto, na watu ndiko wanakokwenda.

Mpango huo ni wa wakazi wenyewe. Zamani kisiwa kizima kilikuwa mali ya mtu mmoja, na mpangaji hakuwa na uhakika hata wa paa lake. Juni 1997 wakakinunua kwa kuchangisha, takriban pauni milioni 1.5. Kila mwaka tarehe hizo kuna ngoma ya fidla na akodiani mpaka alfajiri. Ningependa uione, lakini Juni ina usubi. Upepo ukitulia tu wanakutafuna mpaka kichwani. Bora Mei, jua linazama karibu saa 4 usiku, watoto watacheza kwenye mchanga wa Cleadale unaolia ukiukanyaga.

Acheni siku mbili za ziada kabla ya ndege ya kurudi. Gari liacheni Mallaig, la mgeni halivuki. Miavuli msilete, haina kazi huku; leteni makoti ya mvua yenye kofia. Na mimi niwekeeni iliki na majani ya chai, haya ya huku hayakolei.

Mama yako