Chumba Mwanza: Uliza Ngazi Kabla ya Bei

SWALI: Mwezi wa saba nakuja Mwanza siku tatu na mama yangu. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tunataka kuona mji wa kale wa Wajerumani, kisiwa cha Saa Nane na makumbusho ya Wasukuma Bujora. Mmoja ananiambia tukae Capri Point, mwingine Isamilo kwa ajili ya mandhari. Tukae wapi?
Msomaji, Singida

JIBU: Dada, kwa magoti hayo kaeni bondeni, katikati ya mji. Wajerumani waliweka boma hapa mwaka 1892 na walipenda kukaa juu, ndiyo maana Nyumba ya Gunzert, afisa wao, imekaa kilimani. Mama ataitazama kutoka chini, kwenye mzunguko wa mnara wa saa. Tafuteni chumba kati ya mnara huo na kivuko cha Kamanga. Jiwe la Bismarck, lile linalochomoza ziwani, halipo mbali, na Makoroboi, mtaa uliopewa jina la vile vibatari vya mafuta ya taa, mtafika taratibu kwa miguu.

Isamilo, kilimani, mandhari ni nzuri kweli, lakini kuna sehemu za mlimani gari huishia chini na begi hupandishwa mabegani katikati ya mawe. Tena jiwe lililopigwa jua mchana kutwa hutoa joto usiku, chumba kikawa kama tanuri.

Majengo mengi ya zamani mjini hayana lifti. Ukiambiwa kwenye simu “ni juu kidogo tu”, uliza ngazi ngapi, na kama zina mahali pa kushika. Uliza pia choo: kiwe cha kukaa. Wengi husahau hili, wakaja kulikumbuka saa nane za usiku. Chumba cha chini upande wa barabara kina kelele, basi omba cha uani, ila chungulia dirishani kwanza: jenereta lisiwe hapo hapo.

Kabla ya kulipa, fungua bomba na bafu la mvua kwa pamoja; maji yakidhoofika, presha ni ndogo. Washa hita, subiri dakika kumi, pima kwa mkono. Shusha neti: ikishindwa kuingia chini ya godoro pande zote, omba nyingine.

Capri Point ni patulivu, na boti za Saa Nane huondokea huko. Lakini kwenda kula mjini kutadai bajaji, na vyumba vinavyotazama ziwa huvamiwa na wadudu wadogo wa ziwani wakifuata taa. Hawaumi, hujaa tu kitandani. Funga madirisha kabla ya jua kuzama. Ufukweni msiingie majini, kichocho kipo.

Bujora ipo Kisesa, barabara ya Musoma. Chukueni bajaji ya kwenda na kurudi, mpatane bei pamoja na muda wa kusubiri. Stendi ya Nyegezi nayo ipo kilomita zipatazo 10 kutoka mjini, na mabasi ya asubuhi huondoka mapema. Dereva wa kuwapeleka mwekeeni miadi tangu jioni.