Kabla ya kinyonga, fuga nyenje

Juzi kijana mmoja wa Rongai ameniandikia: "Kaka, nimeona picha za vitoto vyako. Nina elfu thelathini, nianze na vinyonga wangapi?" Tangu niweke picha zile maswali ya aina hii hayaishi, na kila mara mkono unaniwasha nijibu neno moja tu: sifuri. Lakini najua unavyojisikia. Hata mimi nilitamani jambo hili mpaka usingizi ukapotea.

Ninaofuga ni wale wa pembe tatu, wanaoitwa vinyonga wa Jackson. Ni wenyeji wa huku kwetu kwenye baridi: bustani za Nairobi zenye miti, Aberdare, miteremko ya Mlima Kenya. Mfugaji wa Ulaya analipia taa ya miale ya urujuanimno (UV, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua), tena ahangaike kupoza chumba usiku. Wewe unatoa kizimba nje, jua hili hapa, na ile baridi ya Julai inayokufanya uvae sweta mbili ndiyo mnyama huyu anayoipenda. Kizimba kiwe cha wavu. Kioo hubana hewa na kuzuia miale hiyo. Upande mmoja weka majani mazito apate kivuli, na maji yadondoke juu ya majani, maana bakulini hanywi. Chupa ya soda iliyotobolewa kwa sindano inatosha kabisa.

Karatasi kwanza, lakini. Kinyonga ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 humfugi bila leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama umemwokota kwenye ua wako mwenyewe. Ukiota kumuuza nje ya nchi, kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unaokungoja na vibali vyake. Usinicheke. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Sisimizi! Sasa wewe na kinyonga wako wa pembe tatu? Miezi ya kusubiri leseni sitaisimulia, haina utamu wowote.

Nitakalolisimulia ni la ploti. Nilikuwa nimepanga ghorofani Eastlands, karatasi zangu ziko sawa, vizimba viko kwenye baraza. Mama mmoja wa jirani akaja kuomba chumvi, akamwona dume amegeuza jicho moja kwake na jingine kwa nzi. Yowe alilopiga lilishuka mpaka kwa muuza mkaa. Jumapili mwenye ploti akaja na wazee wawili. Akasema wapangaji wanalalamika nafuga majini. Nikamtolea leseni. Hata hakuipokea, alikunja mikono nyuma akaniambia, "Hayo madude au wewe, chagua kufikia mwisho wa mwezi." Watu niliokuwa nikiwakopesha unga walisimama kwenye ngazi wakitazama nikifunga virago. Nimewasamehe, nadhani, ingawa siku nikipata gari nitapita pale polepole.

Aliyenipokea ni shangazi yangu wa Dagoretti. Swali lake lilikuwa moja: "Watakula sukuma yangu?" Nikamwambia, "La, shangazi, nyenje ndio wanaokula sukuma. Vinyonga wanakula nyenje."

Na hapo ndipo wengi mnapoanguka. Mnanunua mnyama kabla ya kuwa na chakula chake. Nyenje wafugie kwenye beseni refu, trei za mayai ndani, sukuma, karoti, na pamba iliyolowa maji. Wakishashiba, wapake unga wa kalisi (kalsiamu) kidogo ndipo uwape vinyonga. Bila kalisi mifupa hulegea, na kinyonga asiyeweza kushika tawi amekwisha.

Kila mmoja akae kizimba chake. Jike humtii dume siku anayotaka yeye. Akigeuka mweusi, akafunua kinywa na kukoroma, mtoe haraka, usilazimishe ndoa.

Mwezi uliopita jike wangu mkubwa alizaa. Hawa hawatagi. Hubeba mimba miezi sita hivi, wakati mwingine zaidi, kisha huzaa watoto 8 hadi 30. Alikuwa akizungukazunguka tangu alfajiri. Akasimama, akagusisha mkia kwenye jani, akaondoka bila kutazama nyuma. Pale jani limebaki na kifuko kinachonata, ndani kitu cha kahawia kimejikunja. Kikajinyoosha mara moja, utando ukapasuka, mguu ukatoka na kushika jani. Shangazi aliacha kumenya viazi. Mama mtu nilimtoa, asije akawala. Vitoto huanza na nzi wa matunda, na hao unawapata kwa kuacha ndizi mbivu ioze kwenye chupa.

Vijana wenzangu, acheni haraka. Mnataka picha ya vitoto, hamtaki harufu ya beseni la nyenje. Mnataka dola, hamtaki foleni ya leseni. Mungu hampi mtu mnyama wa pili kama wa kwanza alikufa kwa uvivu.

Kwa hiyo, kijana wa Rongai, hiyo elfu thelathini usiiguse yote. Nunua beseni, trei na nyenje wa kuanzia. Wakizaa, na watoto wao wakazaa, na nyumba bado haijanuka kiasi cha kukufukuzisha, niandikie tena tuzungumze habari ya leseni.