Kabla ya kumpigia mtu kura ya bodi ya shule, muulizeni amewahi kuhesabu nini

Ndugu yetu wa Kayole, hapa Nairobi, ameuliza swali ambalo nimelisoma mara mbili kabla ya kuamua kulijibu kwa kirefu. Shule ya msingi ya umma anakosomea bintiye itachagua wawakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi Jumamosi ijayo, na nafasi moja iliyobaki inawaniwa na watu watatu: mwanakandarasi aliyeahidi kuijengea shule lango jipya, mwalimu mstaafu, na mama anayeuza mitumba katika soko la Gikomba ambaye, kwa maneno ya ndugu yetu mwenyewe, "hana lolote ila mdomo". Anataka kujua mtu wa bodi apimwe kwa lipi, na akishaingia atarajiwe kuanzia wapi.

Nilikaa katika bodi ya shule moja ya msingi huku Eastlands tangu 2016 hadi 2022, vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu, nikiwa mwakilishi wa wazazi. Shule yenyewe sitaitaja. Wakati huo nilikuwa mtunza bohari katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na jina langu lilipopendekezwa mzee mmoja alisimama akauliza, mkutano mzima ukisikia, mtu wa bohari anajua nini kuhusu elimu. Nilinyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo. Leo ningemjibu kwamba kila anayeingia katika bodi huiona shule kwa jicho la kazi yake. Kwa hiyo msijishughulishe sana na cheo cha mgombea wala ukubwa wa ahadi zake. Tafuteni kujua kazi yake imemzoeza kutazama nini.

Kwanza niondoe jambo moja linalowachanganya wengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita katika bodi, mdhamini wa shule vitatu, walimu kimoja, na vilivyobaki huenda kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, makundi maalumu ya jamii na watu wenye mahitaji maalumu. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Bodi haimwajiri wala kumhamisha mwalimu wa serikali, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, na haipangi mtaala. Mgombea akiwaahidi kwamba akiingia atamwondoa mwalimu fulani wa Darasa la Sita, jueni ama haijui sheria ama anawadanganya. Vilevile, anayejigamba kwamba mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ni rafiki yake na kwa hiyo madarasa yatajengwa, mkumbusheni kwamba chini ya Katiba ya 2010 kaunti ilipewa elimu ya chekechea, na kwamba kuanzia Darasa la Kwanza mambo yako mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kilichobaki kwa bodi ni majengo, usalama, fedha, wafanyakazi wasio walimu na ustawi wa watoto, na hicho si kidogo hata kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya la maana. Tulikutana katika ofisi ya walimu kila muhula, tukanywa chai kwa mandazi, tukasomewa kumbukumbu za mkutano uliopita, tukazithibitisha, tukapiga picha. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwenye heshima zake, mkarimu wakati wa harambee, lakini sikuwahi kumwona akifungua daftari la fedha.

Niliamka 2018. Hapo awali shule zilikuwa zikijinunulia vitabu, na mwaka huo serikali ilikuwa imeanza kuvinunua yenyewe na kuwaagiza wachapishaji wavifikishe hadi shuleni, kwa lengo la kila mtoto kuwa na kitabu chake katika kila somo. Siku hiyo nilikuwa likizo, nikapita shuleni kumpelekea mwanangu sweta, nikakuta maboksi yamepangwa kwenye kibaraza nje ya ofisi, na juu ya boksi moja karatasi ya kupokelea mzigo ambayo tayari ilikuwa imetiwa sahihi na kupigwa muhuri. Hakuna boksi hata moja lililokuwa limefunguliwa. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa kama kumwona mtu akivuka Jogoo Road amefumba macho. Nilimwomba naibu mwalimu mkuu kisu, tukayafungua yote, tukahesabu kitabu kimoja kimoja huku watoto wawili wa darasa la juu wakipanga. Maboksi mawili yaliyoandikwa Hisabati yalikuwa na vitabu vya darasa ambalo lilikwisha kupata vyake. Sidhani kulikuwa na hila. Nadhani ghalani waliyapakia kwa haraka. Lakini sahihi ilikuwa imeshatoka, na kulirekebisha kosa hilo kulituchukua karibu muhula mzima wa barua na simu.

Tangu siku hiyo niliomba bodi ikubali utaratibu ambao ofisi yoyote ya serikali inaujua: kinachoingia kinajaziwa fomu ya S13 baada ya kuhesabiwa, kinachotoka kinajaziwa S11, na leja ya bohari inasomwa mbele ya bodi kila muhula. Fomu hizo zilikuwepo kabatini, mpya kabisa, zimefunikwa na vumbi.

Kuhesabu vitabu kulinifikisha kwenye kuhesabu watoto, na hapa ndipo ningependa mgombea wenu, awe nani, aanzie. Wakati wangu shule ya msingi ilipewa na serikali shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka, na fedha hizo zilifuata jina lililo katika NEMIS, mfumo wa kompyuta ambamo serikali iliwasajili wanafunzi. Mtoto aliyekaa kwenye dawati bila jina lake kuwa humo, serikali haikumjua. Nilichukua rejista za madarasa nikazijumlisha, nikapata watoto 1,112. NEMIS ilikuwa na 1,047. Watoto 65 walikuwa wakitumia chaki, maji na karatasi za mitihani za wenzao, na ukizidisha 65 kwa 1,420 unapata shilingi 92,300 ambazo shule ilikuwa ikizipoteza kila mwaka bila mtu yeyote kuziiba.

Sababu ilikuwa vyeti vya kuzaliwa. Wengi wa watoto hao walizaliwa nyumbani, au walikuja mjini wakilelewa na shangazi na nyanya ambao hawakuwa na karatasi za wazazi. Mwalimu wa darasa alikuwa akimwambia mtoto "mwambie mama alete cheti", mtoto anafikisha ujumbe, mama ananyamaza kwa aibu, na mwaka unapita. Tulichofanya hakikuhitaji fedha nyingi. Mama mmoja wa bodi aliyekuwa na kibanda cha mboga karibu na kituo cha matatu, na aliyewafahamu wazazi hao kwa majina na kwa madeni yao, aliwapitia nyumba kwa nyumba, kisha tukamwomba chifu atenge asubuhi moja awaandikie barua za kuombea vyeti. Mpaka nilipoondoka walikuwa wamebaki watoto tisa. Kazi ile nisingeiweza mimi na kalamu yangu, na ningemwomba ndugu yetu amkumbuke mama huyo kabla ya kurudia maneno "hana lolote ila mdomo".

Jambo la tatu ni vyoo. Mwongozo wa serikali unataka mlango mmoja kwa wasichana 25 na mmoja kwa wavulana 30. Sisi tulikuwa na wasichana 412 na milango 11, idadi ambayo kwenye ripoti ilionekana pungufu lakini ya kuvumilika. Siku moja wakati wa mapumziko ya saa nne nilisimama kando na kutazama. Milango miwili ilikuwa imefungwa kwa kufuli, ikitunziwa wageni, mmoja umeziba tangu muhula uliopita, kwa hiyo iliyotumika ilikuwa minane, na foleni ilikuwa bado haijaisha kengele ilipolia. Msichana mmoja wa kama miaka kumi na miwili alitoka kwenye foleni bila kuingia, akarudi darasani akikimbia ili asichelewe. Sheria ilirekebishwa 2017 ili serikali iwape sodo bure wasichana waliobalehe katika shule za umma, na shule yetu ilipokea. Lakini sodo bila mlango unaofunga wala maji ya kunawa ni nusu ya msaada. Kufuli za wageni tuliziondoa siku ile ile. Milango mipya ilichukua miaka miwili.

Katika miaka hiyo miwili tulipewa pia ahadi ya lango. Simsemi mwanakandarasi wenu, simjui. Nasema tu kwamba mfadhili hupenda kujenga kitu kitakachoonekana kutoka barabarani, na choo hakionekani. Mwanakandarasi anaweza kuwa mtu wa thamani sana katika bodi, kwa kuwa ndiye pekee atakayejua kwamba saruji imepunguzwa au kwamba nguzo ni nyembamba. Na jiji hili, lililowazika watoto wa shule baada ya darasa kuporomoka Dagoretti Septemba 2019, lina haja kubwa ya macho kama hayo. Lakini ni lazima aseme mbele ya mkutano, na iandikwe, kwamba yeye wala kampuni ya ndugu yake hawataomba zabuni yoyote ya shule hiyo muda wote atakapokuwa kwenye bodi. Akisita, mmeshapata jibu lenu.

Kuhusu michango nitasema kwa ufupi, kwa kuwa imejadiliwa sana. Karo ya masomo katika shule ya umma imekatazwa na sheria. Michango mingine inahitaji idhini ya wizara, haiwezi kutozwa bila risiti rasmi, na mtoto hawezi kufukuzwa kwa kutoilipa. Najua hali halisi: serikali isipoleta walimu wa kutosha, wazazi huwalipa walimu wa ziada walioajiriwa na bodi kutoka mifukoni mwao, na mwalimu mkuu anayekataa mchango hubaki na watoto themanini katika darasa moja. Nami niliwahi kupiga kura ya kuunga mkono mchango wa namna hiyo, na sioni fahari. Nilichoshikilia ni risiti, na kwamba orodha ya wasiolipa isisomwe kamwe kwenye gwaride la asubuhi.

Ardhi nayo msiisahau. Wengi mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipotupiwa gesi ya kutoa machozi wakiandamana kwa ajili ya uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta. Muulizeni mwalimu mkuu hati miliki ya shule yenu iko wapi, na kama haipo, ombi lake limefika ofisi gani. Hapa ndipo ningempenda mwalimu mstaafu, akiwa ni wa aina ninayoifahamu mimi: anakumbuka mipaka ilikuwa wapi 1995, anajua barua inaandikwa kwa nani na nakala kwa nani, na hatishiki na mtu wa ofisini. Kasoro yake, nimeiona kwa wawili niliokaa nao, ni kwamba huwaonea walimu wenzake huruma kupita kiasi, au huanza kuwafundisha jinsi ya kufundisha. Yote mawili huichosha bodi.

Mambo yamebadilika tangu nilipotoka. Sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi tangu 2023, kwa hiyo bodi yenu inashughulika pia na maabara na watoto wa miaka kumi na minne wanaobanana kwenye madawati ya wadogo zao. Mpango wa chakula wa kaunti, Dishi na County, ulioanza mwaka huo huo, unamwezesha mtoto kula kwa shilingi tano, na hata hizo tano kuna nyumba ambamo hazipatikani kila siku. Mjumbe mpya aulize ni watoto wangapi hawakula jana, na ni nani aliyewahesabu.

Mkinitaka nichague bila kuwajua watu hao watatu, ningemsikiliza kwanza mama wa Gikomba. Anayefungua mtumba alfajiri hujua kabla ya saa moja ni nguo ngapi zitauzika na ngapi zimemtia hasara, na mdomo mnaomlaumu nao ndio utakaouliza hati ya malipo iko wapi wakati wenzake wanameza mandazi. Ila awe anasoma vizuri, au awe tayari kuomba asomewe na asione haya, kwa kuwa kumbukumbu za mkutano zikishathibitishwa si rahisi kuzirudia.

Jumamosi fikeni mapema, msiwaachie watu wawili watatu wa viti vya mbele waamue. Ombeni, kabla ya kura, wagombea wote watatu wazungushwe na naibu mwalimu mkuu kwa robo saa: bohari, jikoni, vyoo vya wasichana, na uzio wa upande wa nyuma ambako hakuna lango. Wakirudi, kila mmoja asimame aeleze alichokiona.