Paa la jirani liliruka na mbao zake: nifanye nini kabla ya mvua ya Machi?

Swali: Habari, mhandisi. Ninaishi Ahero, karibu na Kisumu. Nyumba yangu ni ya bloku za inchi 6, futi 20 kwa 30, mabati ya geji 30, haina silingi. Mwaka jana upepo uling'oa paa la jirani likaanguka shambani likiwa zima, na mbao zake. Kaka yangu aliye Florida amenitumia orodha wanayotumia kule kujiandaa kwa vimbunga: plaiwudi kwenye madirisha, mifuko ya mchanga, na kadhalika. Nifuate ipi? Nina watoto watatu, na mama mkwe ambaye hatembei vizuri.

Jibu: Dada, orodha ya kaka yako inafaa kule aliko. Vimbunga vya Atlantiki, ambavyo msimu wake ni 1 Juni hadi 30 Novemba, huhitaji bahari yenye joto na pia nguvu ya mzunguko wa dunia ya kuusokota upepo. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, na Kisumu iko karibu juu ya ikweta yenyewe. Kwa hivyo kimbunga si cha kukuhangaisha. Kinachotupata sisi ni dhoruba za alasiri na jioni: upepo wa ziwani unakutana na ule wa kutoka nyanda za juu, wingu linajengeka, kisha hewa baridi inaporomoka kutoka humo na kutawanyika ardhini kwa kasi. Hazikawii, lakini dakika chache zinatosha kung'oa paa.

Sasa tazama ulichoeleza: paa la jirani lilianguka zima. Maana yake misumari ya mabati ilishika vizuri. Kilichoachia ni pale paa linapoungana na ukuta. Fundi akikuambia dawa ni kuongeza misumari ya mabati, atakuwa anatibu pasipouma.

Upepo wa kilomita 100 kwa saa una mgandamizo wa takriban kilo 48 kwa kila mita mraba. Mabati ya geji 30 hayafiki kilo 3 kwa eneo hilo. Tena upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto ni mkali zaidi pembeni na kwenye kingo. Mlango wa upande unakotoka upepo ukiwa wazi, hewa huingia ikalisukuma paa kwa ndani pia. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ile plaiwudi ya Florida. Kwako wewe inatosha vioo viwe vizima na mlango uwe na komeo juu na chini, vifungwe mapema wingu linapokusanyika.

Kwa kuwa huna silingi, panda ngazi uangalie rafta (mbao ya mshazari inayobeba paa) inapokalia mbao ya juu ya ukuta. Mara nyingi utakuta misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa mshazari, na mbao hiyo imeshikwa na vipande vya hupu ayani (ukanda mwembamba wa chuma) vilivyozikwa kwenye mstari wa mwisho wa bloku tu. Rafta zikiwa kila futi 4, kila ncha inavutwa kwa kilo 200 hivi katika upepo niliotaja, na pembeni zaidi ya hapo. Mstari mmoja wa bloku kati ya rafta mbili una kilo 70 hivi. Utanyanyuka pamoja na paa!

Dawa yake ni kufunga kila ncha ya rafta hadi chini ya linta (boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha), ikiwa linta yako imezunguka nyumba nzima. Kama haijazunguka, shuka mistari minne ya bloku. Toboa ukuta, pitisha waya wa galvanaizi wa milimita 4, uzungushe mara mbili juu ya rafta, kisha ukaze kwa kuusokota na kipande cha chuma. Weka kipande cha bati kati ya waya na mbao ili usiikate. Rafta iliyo juu ya dirisha, vuta waya wake kwa mshazari hadi pembeni mwa fremu. Ziba tundu kwa simiti moja kwa mchanga tatu. Nyumba yako itakuwa na rafta 9, yaani ncha 18. Kwa mita 4 kila ncha, nunua kilo 8 za waya. Usikubali ule waya mwembamba wa kufungia vyuma vya zege. Unashika kutu na kukatika.

Ukiwa huko juu, kagua na mabati. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kwa sababu ukiwa bondeni maji husimama hapo na kuozesha mbao. Kwenye kingo uwe kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu. Uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lile lile. Ung'oe, ziba tundu, piga mpya mgongo wa jirani. Bati lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 60.

Uani, tangi tupu la lita 1,000 hupeperuka. Likiwa na robo tu ya maji lina kilo 250 zaidi, basi lisiachwe kavu. Mkaratusi ulio karibu na nyumba kuliko urefu wake wenyewe ni wa kupunguzwa, na akate mtu anayejua kazi, si kijana wa kubahatisha. Nyaya za stima zikianguka, asizikaribie mtu. Piga 97771.

Radi ni hatari ya kweli kwetu. Kati ya mwanga na ngurumo pakipita chini ya sekunde 30, watoto waingie ndani, na wasitoke mpaka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na nakusihi, jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya baridi ya mvua milango ikiwa imefungwa. Hewa yake huua watu usingizini.

Kuhusu mafuriko, mifuko ya mchanga mlangoni haikufai sana, maana maji ya uwanda wa Kano, mnakoishi, hukaa na udongo mweusi hauyanywi haraka. La muhimu ni kujua yanakotoka. Mto Nyando hujazwa na mvua ya Nandi na Kericho, kwa hivyo mto unaweza kufurika Ahero pakiwa pakavu kabisa. Mtafute mtu wa kukupigia simu kutoka Muhoroni, na usikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mama mkwe aondoke mchana, siku ya tahadhari, si usiku maji yakishafika uani. Mkubaliane sasa nani atambeba na ataenda kwa nani. Vitambulisho, vyeti na dawa zake zikae ndani ya ndoo yenye kifuniko. Maji yakishafika kwenye vyoo vya shimo, hesabu kila kisima kimechafuka: chemsha hadi yatokote kwa dakika nzima.

Pesa zikiwa chache, anza na ncha za pembe nne, halafu zile zinazopakana nazo, kisha upande wote unakotoka upepo mkali. Zilizobaki zifungwe kabla Februari haijaisha.