Taa ya maiki isiseme uongo: kwa anayeanza kuongoza vifaa vya mikutano ya simu kwa amri za siriali

Ukikabidhiwa kifaa cha sauti cha mikutano ya simu na kuambiwa ukiongoze kwa RS-232, yaani njia ya siriali ya kutuma amri biti moja baada ya nyingine kwenye kebo, usikimbilie kuandika programu. Anza na kebo, maana kazi nyingi hukwama hapo. Kwenye poti ya kompyuta yenye pini 9, pini 2 hupokea, pini 3 hutuma, na 5 ni ya ardhi. Vifaa vingine vinataka kebo iliyonyooka, vingine iliyopishana, yaani 2 ya huku iende 3 ya kule. Kwa macho hazitofautiani, kwa hiyo zipime kwa mita na uzibandike lebo.

Hujui tatizo liko upande gani? Chomoa kebo kwenye kifaa, unganisha pini 2 na 3 za ncha iliyobaki wazi kwa kijiwaya, kisha andika herufi zozote. Zikirudi kwenye skrini, kompyuta, adapta ya USB (inayoipa kompyuta poti ya siriali) na kebo vinafanya kazi. (Hakikisha kwanza programu yenyewe haijirudishii herufi, la sivyo utafurahi bure.) Ujihadhari pia na adapta za bei rahisi zinazotoa volti 3.3 au 5 za TTL, yaani za saketi za kidijitali. RS-232 hutumia volti chanya na hasi, kati ya 3 na 15 kila upande, na inaweza kuiunguza adapta ya namna hiyo.

Mipangilio haina mengi: kasi (biti kwa sekunde), biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kufunga. Ukiona takataka, kasi hazilingani. Usipoona chochote, shuku kebo, au kifaa kinasubiri RTS/CTS (nyaya za ziada za kupeana ruhusa ya kutuma) wakati kebo yako ina nyaya tatu tu. Na amri haisomwi hadi ifike herufi ya kuifunga, mara nyingi CR (ya kurudi mwanzo wa mstari), ambayo ni namba 13 katika ASCII, orodha ya namba za herufi. Soma mwongozo, usibahatishe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanaoanza wengi hulipuuza: jibu. Ukiiandikia Polycom SoundStructure, kifaa cha sauti za mikutano, `set mute "Meza" 1` (zima maiki ya Meza), inakurudishia `val mute "Meza" 1`. Biamp Tesira, kifaa kingine cha aina hiyo, hujibu `+OK`, na ukikosea huleta mstari unaoanza na `-ERR`. Kukosea huko kunaweza kuwa herufi kubwa tu mahali pa ndogo. Programu inayotuma bila kusoma majibu itawasha taa nyekundu ya maiki iliyozimwa kwa sababu mtu amebonyeza kitufe, hata kama amri haikufika. Watu watasema siri zao wakidhani hawasikiki. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko mfumo kuzimika kabisa, kwa sababu uliozimika kila mtu anauona. Taa ibadilike baada ya kifaa kuthibitisha, na jibu lisipokuja, paneli (ubao wa vitufe anaoutumia mtu mkutanoni) ionyeshe kwamba haina mawasiliano.

Kwa sababu hiyohiyo, epuka amri za kugeuza hali, zile za "kama imewaka zima, kama imezima washa". Amri moja ikipotea, paneli na kifaa vitapingana mkutano mzima. Taja hali unayoitaka: 1 au 0. Tena mwingine anaweza kubadilisha hali kwa njia nyingine, au umeme ukakatika na kifaa kikaanza upya huku paneli ikiendelea, hivyo mawasiliano yakirudi, uliza hali zote upya kabla ya kuonyesha chochote.

Kasi nayo ina mipaka. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila herufi huchukua biti 10, kwa hiyo hupita herufi 960 kwa sekunde. Mtu akiburuta kidhibiti cha sauti, programu ya haraka itatupa mamia ya amri kwenye foleni, na amri ya kukata simu itakaa nyuma yake. Subiri jibu la amri moja ndipo utume nyingine, thamani za katikati uzitupe, ubaki na ya mwisho.

Tukiwa kwenye sauti: ishushe na kuipandisha ndani ya kifaa, sio kwenye amplifaya. Kifuta mwangwi hulinganisha kinachoingia kwenye maiki na kile kinachojua kimepelekwa kwenye spika. Ukibadilisha ukubwa baada ya hapo hakina habari, na mpaka kijirekebishe, mwangwi utavuja.

Upande wa simu, tarakimu za kuingia mkutanoni hupita tu laini ikiwa wazi (kama simu iliyoinuliwa), kwa hiyo thibitisha hali ya laini kwanza. Kwenye laini ya analogi kifaa hakijui kila mara kwamba mwenzio amekata, basi kitufe cha Kata kionekane muda wote laini iko wazi. Na unapojaribu mfumo, mweke mtu upande wa pili wa simu, maana mwangwi wa chumba chenu anausikia yeye, ninyi mliomo ndani hamuusikii.