Mama anataka F7 yake ya zamani

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Mbuyuni, Moshi, na mama yangu mstaafu huja kunisaidia kutaipu mikataba na barua. Usekretari wake wote ulikuwa kwenye WordPerfect 5.1, ile programu ya zamani ya kutaipu yenye skrini ya bluu, na vidole havijasahau. Akitaka kufunga kazi anabonyeza F7, Word inaanza kumkagulia spelingi. Juzi kabonyeza Alt na F4 achague aya, Word ikajifunga! Naweza kuzipanga hizo batani zikae kama za kule?

JIBU: Mpe shikamoo yangu kwanza, maana watu wa 5.1 (ilitoka 1989) wanataipu bila kugusa mausi na vijana wa siku hizi hawawafikii.

Inawezekana dada. Kama ni laptopu anza na Fn, nyingi F zake zimegeuzwa kuwa za sauti na mwanga, jaribu Fn na Esc, ikikataa ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka). Halafu mfungulie mama akaunti yake ya Windows, usiruke hapa, Word inatunza hizo batani kwenye templeti ya Normal (faili la mipangilio yake) ya akaunti husika, na ukizibadili kwenye yako kijana wako wa dukani atakuja kulia.

Kwenye akaunti ya mama fungua Word, nenda File, Options, Customize Ribbon, chini kabisa kuna Customize ya kibodi. Upande wa kategoria chagua All Commands. FileClose mpe F7, itamuuliza kama anasevu, kama kule kule. FileSave F10, FilePrint Shift na F7, Bold F6, Underline F8, CenterPara Shift na F6. Hizo zinamtosha, msihangaike na zote arobaini za WordPerfect.

Alt na F4 mimi nisingeigusa, kwenye programu nyingine zote za Windows bado inafunga, atachanganyikiwa. Kule kuchagua kulikuwa pia F12, basi ExtendSelection iweke F12, anabonyeza, anatembea na mishale, akighairi anapiga Esc.

Na kwa vile printa unayo, mprintie ule ukanda wa kuweka juu ya kibodi, rangi zile zile: nyekundu Ctrl, kijani Shift, bluu Alt, nyeusi batani peke yake.

Kitakachomkera ni Alt na F3, ile ya kuonyesha kodi (alama zilizofichwa za bold, mstari na kadhalika), Word haina kitu kama hicho. WordPerfect ya Windows bado inayo na bado inauzwa, ila ni ya kulipia.