Kwa nini 1,027 kwa mmoja

Kaka wa Kirumba, umeuliza kwa nini Israel iliachia wafungwa 1,027 ili kumpata mwanajeshi wake mmoja, Gilad Shalit, aliyeshikiliwa na Hamas, kundi la Wapalestina la Gaza. Familia yake ilipiga hema nje ya makazi ya waziri mkuu Jerusalem kuanzia Julai 2010, ikakaa zaidi ya mwaka. Naamini walifanya sawa kabisa. Ila kelele zinazomsukuma waziri mkuu Netanyahu, Hamas nao wanazisikia, na bei inapanda, kama dagaa pale soko la samaki la Mwaloni mnunuzi akionyesha ana haraka. Ndiyo maana mazungumzo yalipitia wapatanishi wa Misri na Ujerumani, kimyakimya. Utekelezaji nao ukagawanywa: 477 walitoka Oktoba 2011, siku Shalit aliporudi, 550 wakafuata Desemba, na hao majina yao Israel iliyachagua yenyewe.